Nakshi ya Kupwaya

Semarang, Jumatatu, 6 Septemba 1993

Kwa Baba mkwe wangu, Haji Muhtarom,
Bayat, Klaten

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nakuamkia, Baba, na namwamkia Mamdogo Ngatinem aliye hapo kwako. Mimi na mjukuu wako Wening tu wazima. Mvua bado haijanyesha, visima vya mtaa vimeshuka, na foleni ya maji imekuwa ndefu kuliko ya sinema.

Baba, nimeitwa kwenye usaili wa kazi hospitalini, Jumatatu ya tarehe ishirini. Ni kazi ya huduma. Nakuandikia kuomba dua yako, na pia kuuliza jambo ambalo huenda ukaliona dogo: nivae nini?

Desturi unaijua. Mwombaji kazi huvaa shati jeupe na sketi nyeusi, na mimi nimevaa hivyo tangu kiwanda cha kushona kilipotufungia mlango, mwaka ule uliofuata kifo cha mwanao Mursidi. Shati limefuliwa hata kola imeota manyoya. Nimekwenda nalo kwenye duka la viatu, kwenye kantini ya shule, kwa madobi wa hoteli. Kote nawakuta watoto wa umri wa Wening wamekaa kwenye benchi, wamevaa nyeupe na nyeusi kama mimi. Mwezi uliopita mlinzi wa lango alinizuia.

"Mama, wazazi wanasubiri nje."

"Mimi si mzazi. Nimekuja kwa usaili."

Akanitazama toka kitambaa cha kichwa hadi viatu. "Oo! Samahani, Mama. Nilidhani umevaa sare na binti yako ili kumtia moyo."

Wenzake walicheka. Mimi pia nilicheka, Baba, na nilipojisikia nikicheka ndipo nikajua jinsi nilivyochoka.

Wening ananiambia, "Mama, vaa batiki kama mtu mzima. Kwa hiyo nyeupe na nyeusi wanakuona mwanafunzi aliyerudia darasa mara ishirini." Nina blauzi moja ya kebaya ya rangi ya kahawia ambayo bado ni nzima, lakini kitambaa cha kufunga kiunoni sina. Nilivyokuwa navyo vimekwenda kwa muuza mitumba. Kwa hiyo naomba, ikiwa vitambaa vya marehemu Mama bado vimo kashani, niazime kimoja. Nitakirudisha kikiwa kimefuliwa na kupigwa pasi.

Nikikosa safari hii, sitaomba kazi tena. Wening amekwisha sema kwamba ataacha shule aende kumenya kamba wa baharini kwenye kiwanda cha bandarini, na mimi sina tena maneno ya kumkataza.

Mwanao,
Wuryani


Bayat, 24 Mfungo Sita 1414 (11 Septemba 1993)

Kwa Nduk Wuryani, mke wa mwanangu, naye ni mwanangu,

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Barua yako imenifikia, nami nimeisoma baada ya sala ya alasiri, pole pole, kwa kuwa macho yangu hayana haraka tena. Umeliita jambo lako dogo. Mimi silioni hivyo. Katika masomo yetu tulifundishwa kwamba vazi kazi yake ya kwanza ni kumsitiri mtu, kisha ndipo limpambe. Na mtu aliyehojiwa mara nyingi na wageni ni mtu aliyevuliwa sitara yake kidogo kidogo. Si ajabu kwamba umechoka.

Nilikwenda kwenye kasha la marehemu mamako. Ngatinem akanikuta nimepiga magoti.

"Kaka Haji, mzee mzima unapekua nguo za wanawake?"

"Wuryani anahitaji kitambaa cha usaili."

Akaja mbio, akavuta ile batiki nyekundu yenye ndege. "Mpelekee hii. Angalau watamwona."

"Anatafuta kazi, Ngatinem."

"Kwani akipata kazi na mchumba kwa mkupuo mmoja, utapungukiwa nini?"

Nilimwambia amwombe Mungu msamaha. Kisha nikatoa ile batiki ya nakshi ya slobog, na Ngatinem akanyamaza, jambo lisilo la kawaida yake.

Basi hiyo slobog ndiyo ninayokuletea, kwa mkono wa Bwana Tugiman, kondakta wa basi la Semarang. Sina haja ya kukueleza kwa nini. Wewe mwenyewe ulimwona marehemu akiifunga mara nyingi. Ukiifunga kiunoni siku hiyo, mkumbuke alikuwa mtu wa namna gani: maisha yake yote aliwatumikia watu bila kumnyooshea yeyote mkono. Hukutaja ni kazi gani, nami sikuulizi. Mtu mzima ana haki ya kunyamaza.

Itunze. Katika vyote alivyoviacha, hiyo tu ndiyo ninayoikunjua kwa mikono yangu mwenyewe kila kiangazi kuianika, kisha nikaikunja tena.

Nakuombea kila baada ya sala.

Baba yako,
Muhtarom


Semarang, Jumatano, 15 Septemba 1993

Kwa Baba mkwe wangu,

Assalaamu alaykum.

Kifurushi kimefika. Nilikifungulia uani, nikiwa na furaha, na jirani yangu Mama Darmi alikuwa akianika nguo.

"He, Wur! Nani kafa kwenu?"

"Hakuna aliyekufa."

"Sasa slobog ya nini?"

"Ya usaili."

Akashika kiuno. "Usaili? Makubwa! Unakwenda kuomba kazi au kuizika kabisa?"

Nilijifanya sikusikia. Niliingia ndani nikasoma barua yako, nikairudia, na nimeielewa, Baba. Ila ingekuwa afadhali kama ungeniandikia waziwazi. Mamdogo Ngatinem ndiye mtu pekee niliyemwambia ninaomba kazi gani, siku ya Idi, tulipokuwa jikoni tunakamua nazi. Nilimwapisha asiseme. Naona ameshindwa, na ndiyo maana alinyamaza mbele ya kasha.

Basi na niseme mwenyewe. Kazi ninayoiomba ni ya kuosha maiti wa kike na kuwavisha sanda, katika chumba cha nyuma cha hospitali, kwa mshahara wa mwezi. Ni kazi ileile aliyonifundisha Mama katika nyumba za Bayat, akanishika mikono yangu na kunionyesha jinsi ya kumgeuza marehemu ubavu bila kumfunua. Yeye hakupokea kitu. Hata chakula cha matanga alikuwa akikirudisha kwa wenyewe. Na wewe, Baba, ulikuwa ukiwafundisha wanaume msikitini kwamba faradhi ya Mungu haina bei. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma ya pazia, nikakusikia. Ndiyo sababu niliandika "kazi ya huduma" nikaishia hapo.

Sasa umeniletea nguo yake ya misibani na kuniambia nikumbuke kwamba hakumnyooshea mtu mkono. Nimekumbuka. Sikulala vizuri kwa kukumbuka.

Sina nguvu ya kujitetea. Nimejitetea kwa watu wengi mno mwaka huu: kwa wenye maduka, kwa mwenye nyumba, kwa mlinzi wa lango. Sikudhani kwamba nitahitaji kujitetea kwa Bayat pia.

Jumatatu nitavaa nyeupe na nyeusi. Nitakuwa nimeifunga slobog vizuri kwenye mfuko, na nikitoka kwenye usaili nitapitia stendi nimkabidhi Bwana Tugiman airudishe kwako.

Niwie radhi kwa ukali wa barua hii.

Wuryani


Bayat, 2 Mfungo Saba 1414 (19 Septemba 1993)

Kwa Nduk Wuryani,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Barua yako nimeipokea leo, Jumapili, na usaili wako ni kesho. Hakuna basi litakalokufikishia maneno haya kwa wakati. Nayaandika hivyo hivyo, kwa kuwa siwezi kukaa nayo.

Nduk, binti yangu, mimi sikujua.

Wallahi sikujua ni kazi gani. Nilipoandika kwamba mtu mzima ana haki ya kunyamaza, nilikuwa namaanisha hivyo tu, wala hapakuwa na kitu nyuma ya maneno. Nilimwita Ngatinem hapa barazani.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Idi."

"Na hukuniambia!"

"Kaka Haji, umri wangu wote unanilaumu kwamba mdomo wangu hauna mlango. Mara hii nimeufunga, unanilaumu tena?"

"Na ulipoiona slobog mbona hukunizuia?"

"Nilidhani umekwisha jua na umekubali. Nikasema kimoyomoyo, alhamdulillah, mzee amelainika."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wewe ulidhani amesema, yeye alidhani wewe umesema, na mimi nilidhani napeleka furaha.

Maana sikukuletea nguo ya msiba. Nakshi ile imepewa jina kwa neno letu la kupwaya. Mtu akifa, wanaomzika huvaa slobog, wakimwombea kaburi lipwaye na njia ipwaye, asibanwe. Lakini mtu akipokea kazi, watu wake huvaa hiyohiyo siku ya kuapishwa, wakimwombea vilevile: kazi isimbane, kifua kipwaye. Nilipoapishwa kuwa mkuu wa ofisi ya dini ya tarafa, mamako aliinunua kwa Mbok Karsi, mchora batiki, kwa ajili ya siku ile. Alikaa safu ya mbele, ameivaa, akanitazama nikikosea maneno ya kiapo, akacheka kwa macho tu. Mimi nikiiona slobog, hiyo ndiyo siku ninayoiona. Misiba ilikuja baadaye. Wewe umekulia pwani, ukaja kwetu kama mkwe wakati mamako anaivaa misibani tu. Nusu ile nyingine hakuna aliyekuambia, nami sikufikiri kwamba huijui.

Sasa nije kwenye lile lililokuumiza zaidi. Sitakuficha: niliposoma ni kazi gani, moyo wangu ulikunja uso. Niliondoka barazani nikaenda kwenye vitabu. Wanavyuoni wa madhehebu yetu wamelijadili jambo hili zamani. Kuosha maiti ni faradhi ya kutoshelezana, na hata hivyo wameruhusu ujira juu yake, kwa kuwa gharama za maziko hutolewa katika mali ya marehemu, na mwoshaji na mchimba kaburi ni katika gharama hizo. Kwa hiyo hukuvunja kitu, wala hutauza kitu kisichouzwa. Niliposema msikitini kwamba faradhi haina bei, nilikuwa nawaambia wanaume waliokataa kumchukua maiti wa maskini mpaka waahidiwe sigara. Wewe nyuma ya pazia ulisikia maneno. Hukuwaona niliokuwa nawatazama.

Lakini vitabu havikunituliza kama nilivyotulizwa na jambo jingine. Nilikaa nikawaza: mamako aliwezaje kuosha bure maisha yake yote? Aliweza kwa sababu mimi nilipokea mshahara. Nilipokea mshahara kwa kusoma khutba ya nikahi na kuwapatanisha mume na mke, mambo ambayo nayo ni ya Mungu. Wali uliokuwa kwenye sahani yake ulitoka ofisini kwangu. Kwenye sahani yako nani anaweka wali? Mwanangu Mursidi amelala, na pensheni yangu unaijua.

Nenda ukaoshe, Nduk, na upokee ujira wako kwa mkono wa kulia. Ikiwa umekwisha kwenda umevaa nyeupe na nyeusi, basi umekwenda, na Mungu haangalii sketi.

Baba yako,
Muhtarom


Semarang, Jumanne, 21 Septemba 1993

Kwa Baba mkwe wangu,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sijapata jibu lako, na huenda hukuniandikia. Hata kama ungali na hasira, lazima nikuandikie leo, kwa sababu slobog haiko tena mikononi mwangu, wala Bwana Tugiman hataileta.

Jana nilivaa kama nilivyosema. Tulikuwa watu watatu tu kwenye benchi. Kazi hii haina wengi wanaoikimbilia. Walitusaili watu wawili, bwana mmoja wa ofisi na muuguzi mkuu, Mama Hartati, mwanamke wa makamo anayepiga miayo bila kuficha. Bwana yule aliniuliza umri, akauliza kama naogopa giza, akauliza kama nina cheti.

"Sina, Bwana."

"Umejifunza wapi?"

"Kwa mama mkwe."

"Na kwa nini umekuja na nguo za wanafunzi? Kazi hii si ya mafunzo. Ndugu wa marehemu wakikuona hivyo watasema tumewapa mtu wa kujaribia."

Nilitaka kumjibu kwamba kila mahali nikivaa hivi naambiwa mzee, na leo naambiwa mwanafunzi. Nilihesabu kwamba nimekwisha kosa, nikaushika mfuko wangu ili niondoke.

Hapo ndipo mtu alipokuja kumnong'oneza Mama Hartati. Mwanamke mmoja alikuwa amefariki wodini. Hana dada, hana binti, mume tu, dereva wa riksha ya miguu, amekaa sakafuni koridoni. Mwoshaji wao wa zamani ndiye aliyeacha kazi kwa ugonjwa wa mgongo, na nafasi yake ndiyo tuliyokuwa tunaigombea. Mama Hartati akatutazama sisi watatu.

"Nani anaweza sasa hivi? Si kwa maneno."

Mmoja akasema hakujitayarisha. Mwingine akasema yuko kwenye siku zake na anaona haya. Mimi nikasimama, Baba. Sikusimama kwa ushujaa. Nilikuwa nimechoka kukaa.

Kule ndani kila kitu kilikuwepo, maji, majani ya mkunazi, kafuri, pamba, sanda. Kilichokosekana ni kitambaa cha kumfunika wakati wa kumwosha. Walinipa shuka la wodi, jembamba kama karatasi ya kufungia keki. Nilipolimwagia maji kidogo, likashika mwili na kuonyesha kila kitu. Nikaona kana kwamba Mama amesimama karibu yangu akinitolea jicho. Nilikwenda kwenye mfuko wangu, nikaifungua slobog, nikamfunika toka kifuani hadi magotini, kisha nikalivuta shuka kutoka chini yake. Nikaanza upande wa kulia.

Mama Hartati ndiye aliyekuwa akimimina. Kisha akauliza, "Slobog hii ya nani?"

"Ya mama mkwe wangu."

"Huyo aliyekufundisha?"

"Huyo huyo."

"Basi ulikuja umejitayarisha kweli," akasema. "Wenzako wamekuja na kalamu."

Sikumwambia kwamba ilikuwa mfukoni kwa sababu nilikuwa nairudisha. Naona aibu, lakini sikumwambia.

Tulipomaliza kumvisha sanda, niliikamua slobog nikaitundika kwenye ndoano. Mume wake akaingia kumchukua. Mwanamume mwembamba sana, bado amevaa kofia yake ya jua. Akaitazama nguo.

"Hiyo ndiyo iliyomfunika?"

"Ndiyo, Kaka."

"Ni slobog hiyo. Kwetu pia ipo." Akavua kofia. "Naweza kumfunika nayo njiani? Jeneza la hapa halina kitambaa."

"Bado mbichi, Kaka."

Akasema, "Hata nywele zake bado mbichi."

Nikaishusha nikamfunika. Walipofika mlangoni aligeuka akauliza irudishwe wapi, na mdomo wangu ukasema, "Ni yake." Basi. Nilisimama pale mpaka gari likaondoka, ndipo nikakumbuka kwamba nguo ile ndiyo unayoikunja kwa mikono yako kila kiangazi.

Siwezi kukurudishia. Naomba radhi kwa hilo, kwa goti. Lakini kwa lile jingine sitaomba tena radhi: wakinipa kazi, nitapokea mshahara. Wening hataenda kumenya kamba.

Majibu watatoa wiki ijayo.

Mwanao, kama bado ni mwanao,
Wuryani


Bayat, 10 Mfungo Saba 1414 (27 Septemba 1993)

Kwa Nduk Wuryani, ambaye ni mwanangu,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Barua zetu zilipishana njiani. Bila shaka sasa umeisoma yangu ya tarehe kumi na tisa, na umejua kwamba hapakuwa na hasira, bali mzee aliyesahau kueleza alichokuwa akikiona peke yake.

Nilipofika mahali uliposema slobog haiko, niliiweka barua chini nikaenda kutia udhu. Sitasema haikuniuma. Nilikwenda kwenye kasha, nikakuta alama ya pembe nne mahali ilipokuwa ikikaa, kwa kuwa vitambaa vingine bado havijajisogeza. Nikafunga.

Kisha nikarudi nikamalizia kusoma, na yule mume na nywele za mkewe zikanikalisha pale hadi magharibi.

Mamako alikwenda nayo kwa wafu mara nyingi na kila mara alirudi nayo, akaifua, akaianika uani. Mara hii imekwenda na mwenyewe. Kama angekuwa hai na kuulizwa na mtu yule mlangoni, unafikiri angejibu nini? Unajua angejibu nini, kwa kuwa umemjibu wewe. Usiitafute. Usimtume mtu kuiuliza. Na neno "kama bado" usiliandike tena kwenye barua za kuja katika nyumba hii.

Yule aliyedhani ulijitayarisha hakukosea sana. Mimi niliituma kwa nia moja, wewe ukaibeba kwa nia nyingine, na mwenye kuihitaji alikuwa mwanamke ambaye sisi sote hatukumjua. Mungu amrehemu na ampanulie kaburi lake.

Ngatinem amesikia habari yote. Nilimsomea, kwa kuwa asingeniacha. Alifuta macho kwa kanga, akakaa, kisha akaanza.

"Mwandikie hivi: mimi nikifa, anioshe yeye. Sitaki wale wa mtaa wa chini, wana mikono kama mawe ya kusagia."

"Haya, nitamwandikia."

"Na maji yawe ya vuguvugu. Baridi ya asubuhi hapa inaua."

"Ngatinem, utakuwa umekwisha kufa."

"Ndiyo, lakini si lazima nitetemeke! Na mwambie nitamlipa. Kabisa, kama wanavyomlipa hospitalini. Sitaki mtu aseme Ngatinem kaoshwa kwa mkopo."

Nimeandika kama alivyosema, kwa sababu amesimama nyuma yangu anahakikisha, ijapokuwa hajui kusoma.

Tuandikie majibu yakitoka, yakiwa mema au la. Wening mwambie babu yake anataka kuiona ripoti yake ya shule, si mikono yake yenye magamba ya kamba.

Baba yako,
Muhtarom


Semarang, Jumatatu, 4 Oktoba 1993

Kwa Baba yangu,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Barua zako zote mbili ninazo. Ile ya kwanza nilimsomea Wening, na tulipofika kwenye sigara za wale wanaume na pazia, ilibidi anipokee asome yeye.

Wamenipa kazi. Naanza kesho baada ya adhuhuri. Wening ameirudisha fomu ya kiwanda aliyokuwa ameificha chini ya mkeka, akafungua daftari lake la kemia akalala juu yake.

Leo nilikwenda kuulizia sare. Yule bwana wa ofisi alitafuta kwenye faili lake, akavua miwani, akaniambia kwamba wahudumu wapya kwa miezi mitatu ya majaribio hawapewi sare. Nikamwuliza, sasa nivae nini? Akasema, "Kawaida, Mama. Shati jeupe, sketi nyeusi."

Nilimkumbusha kwamba ni yeye aliyeniambia hizo ni nguo za wanafunzi. Akasema, "Ndiyo, lakini sasa wewe ni wetu." Sijui ni jibu la aina gani hilo. Nimelifua shati, limetundikwa hapa mbele yangu ninapoandika, na kola yake nimeigeuza upande wa pili na kuishona upya. Linapwaya kidogo mabegani. Nimeliacha hivyo.

Mwambie Mamdogo Ngatinem kwamba maji yatakuwa ya vuguvugu, na malipo nitapokea kwa mkono wa kulia. Ila asije mapema. Namwomba asubiri angalau mpaka nipewe sare.

Mwanao,
Wuryani